Miaka ya foleni, dakika za kusikilizwa

Mahakamani hakuna maneno matamu kwa mwenye kesi kama "kesi imefutwa". Watu hupiga vigelegele, mama mtu hulia, ndugu hukimbilia simu. Kuanzia Mei 2025 maneno hayo yaligeuka mtego katika mahakama za uhamiaji za Marekani. Mtu alifika siku ya kesi yake kama alivyoagizwa, bahasha ya nyaraka mkononi, pengine na mtoto mgongoni. Wakili wa serikali akasimama na kumwomba jaji aifute kesi. Jaji akikubali, yule mtu alitoka akidhani amepona, na hatua chache kabla ya lifti akawakuta maofisa waliovaa kiraia, baadhi yao wameficha nyuso. Pingu, gari, kizuizini.

Mantiki yake ilikuwa rahisi. Kesi ikiwa hai mbele ya jaji, mtu hawezi kupitishwa kwenye njia ya mkato. Ikifutwa, kizuizi kimeondoka. Njia hiyo ya mkato inajulikana kisheria kama kuondoshwa kwa haraka: ofisa wa uhamiaji, si jaji, anaandika amri ya kumfukuza mtu nchini, msimamizi wake anaipitisha, basi. Hakuna kikao cha mahakama, na kwa kawaida hakuna rufaa. Aliyeondoshwa hivyo anazuiwa kurudi kwa miaka 5.

Wengi wanadhani haya ni mambo aliyoyabuni Donald Trump. Siyo. Sheria yenyewe ilisainiwa na Bill Clinton mwaka 1996, ikaanza kutumika Aprili 1997 kwa watu wanaofika viwanja vya ndege, bandarini na kwenye vituo vya mpakani bila karatasi halali. Mwaka 2004, enzi za George W. Bush, ikapanuliwa hadi kwa waliokamatwa ndani ya maili 100 kutoka mpakani, yaani kama kilomita 160, ambao hawajamaliza siku 14 tangu waingie. Obama aliitumia. Biden aliitumia pia. Alichofanya Trump, kwanza mwaka 2019 kisha Januari 2025, ni kuichukua sheria ya mpakani na kuitandaza nchi nzima: popote utakapokamatwa, kama umeingia bila kibali na huwezi kuthibitisha kuwa umekaa miaka miwili mfululizo, unaweza kuondoshwa kwa haraka. Tarehe 29 Agosti 2025 Jaji Jia Cobb wa Washington alisimamisha upanuzi huo, akiona kwamba utaratibu wenyewe hauna ulinzi wa kutosha dhidi ya makosa, na serikali ikakata rufaa.

Zingatia hapo ni nani anayetakiwa kuthibitisha. Mzigo uko kwa aliyekamatwa. Umesimama kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi unangoja kibarua, gari limesimama, unaulizwa una muda gani nchini. Nani anatembea na risiti za pango za miezi 24? Nani ana kadi ya kliniki ya mtoto mfukoni? Vyote viko nyumbani kwenye droo, na wewe tayari uko ndani ya gari.

Mlango mmoja tu ndio ulioachwa wazi. Mtu akisema anaogopa kurudi kwao, au anataka kuomba hifadhi ya ukimbizi, ofisa anatakiwa asimame hapo na kumpeleka kwa ofisa wa hifadhi afanyiwe usaili wa hofu. Hapo hatakiwi kuthibitisha kesi nzima, anatakiwa kuonyesha tu kwamba kuna uwezekano wa maana wa kushinda akisikilizwa na jaji. Akifeli, anaweza kuomba jaji wa uhamiaji aupitie uamuzi huo, na mapitio hayo yanatakiwa yamalizike ndani ya siku 7. Mlango huu si hisani. Marekani ilijiunga na Itifaki ya Wakimbizi ya 1967 mwaka mmoja baadaye, ikaingiza wajibu huo kwenye sheria zake mwaka 1980: asirudishwe mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini kwa sababu ya kabila, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa au kundi analotoka.

Wanaoitetea njia ya mkato si wajinga, wala si wote wenye chuki. Desemba 2023 askari wa mpakani walikamata watu karibu 250,000 kwenye mpaka wa kusini kwa mwezi mmoja tu. Mahakama za uhamiaji zina mlundikano wa kesi zaidi ya milioni 3. Mtu anaomba hifadhi leo, anapewa tarehe ya miaka kadhaa mbele. Hapo katikati anapata kibali cha kazi, anaoa, mtoto anaanza shule, halafu siku moja anaambiwa hana kesi, fungasha. Hiyo nayo ni haki gani? Kuna jambo lingine ambalo sisi tunaowatetea wakimbizi hatupendi kulisema kwa sauti: foleni ndefu ni biashara. Dalali wa safari hauzi hifadhi, anauza foleni. Anamwambia mteja, wewe fika tu, sema hivi na hivi, kesi itachukua miaka na wewe utakuwa unafanya kazi. Anayeumia zaidi kwa ulaghai huo ni yule mwenye kesi ya kweli, aliyekaa nyuma ya maelfu wasio nayo, mkewe na wanawe wakiwa bado wamejificha huko alikotoka.

Kwa hiyo haraka yenyewe sina ugomvi nayo. Swali langu ni jingine: hiyo miaka inayolalamikiwa imeenda wapi?

Siku ya kesi yenyewe, mwombaji akitoa ushahidi, akihojiwa na upande wa serikali na jaji akiuliza maswali yake, mara nyingi ni kazi ya nusu siku. Saa tatu, nne. Miaka mingine yote faili lilikuwa limelala. Hakuna aliyekuwa akilisoma, hakuna shahidi aliyekuwa akihojiwa, hakuna lolote. Foleni ndiyo iliyokula miaka. Sasa njia ya mkato inakata nini? Inakata zile saa nne. Anaondolewa jaji, anaondolewa wakili, unaondolewa muda wa kupata ushahidi, anabaki ofisa na fomu. Ni kama hospitali yenye foleni ndefu ambayo mganga mkuu ameamua kuifupisha kwa kuwaondoa madaktari.

Na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo mtu anayeishi kwa Kiswahili anapoona jambo ambalo mwanasheria wa Washington anaweza kulipita bila kuliona. Fomu anayojaza askari wa mpakani ina maswali manne ya mwisho yanayobeba karibu hatima yote ya mtu. Kwa lugha yetu yanakuwa hivi: Kwa nini uliondoka nchini kwako? Una hofu au wasiwasi wowote wa kurudishwa huko? Utadhurika ukirudishwa? Una swali, au kuna jambo lolote ungependa kuongeza?

Mchukulie mwanamume kutoka Kivu Kusini. Amepita nchi saba au nane, mengine kwa basi, mengine kwa miguu, hajalala siku mbili. Anaulizwa kwa nini aliondoka. Anajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: "Nimekuja kutafuta maisha." Mkalimani yuko kwenye simu, ana sekunde tatu. Kutafuta maisha, kwa matumizi ya kila siku, ni kuhangaikia riziki, na hivyo ndivyo atakavyotafsiri. Kwenye fomu inaingia kwamba mhusika amekuja kutafuta kazi. Lakini mtu aliyemzika kaka yake usiku na kukimbia kabla hakujapambazuka, akisema ametafuta maisha, huenda hana maana ya riziki hata kidogo. Ana maana ya kutokufa. Maneno ni yaleyale, na tofauti yake hujulikana kwa swali moja la ziada, ambalo fomu haina.

Swali la pili: unaogopa kurudi? Mbele yake amesimama askari mwenye bastola kiunoni, pembeni mkewe na mwanawe wanasikiliza. Mwanamume mzima aseme anaogopa? "Hapana, siogopi, Mungu yupo." Nimesikia jibu la namna hiyo maishani mara zisizohesabika, kutoka kwa watu waliokuwa wakitetemeka. Kwa Kiswahili ni heshima na imani. Kwenye fomu ni "hapana".

Akifanikiwa kuvuka hapo na kufika kwa ofisa wa hifadhi, anakutana na neno la Kiingereza, "persecution", ambalo Kiswahili hakijalitulizia tafsiri. Wanasheria wanataka kujua kama aliandamwa na kudhulumiwa kwa sababu ya jinsi alivyo. Mkalimani mwenye haraka atauliza: "Umewahi kuteswa?" Kuteswa, kwa wengi wetu, ni kupigwa, kuchomwa, kung'olewa kucha. Mtu aliyefukuziwa mashamba yake, akachomewa nyumba, akanyimwa kitambulisho, akatumiwa ujumbe kwamba zamu yake inakuja, atajibu kwa unyoofu kabisa kwamba hapana, hajateswa. Hao hawajamgusa. Alikimbia kabla hawajamgusa, na ndiyo akili ya kukimbia.

Halafu kuna neno "vita". Kwa Mkongo, Msomali au Msudani Kusini hili ndilo jibu la wazi kuliko yote: nimekimbia vita. Uganda au Tanzania jibu hilo linatosha kuanzia, kwa sababu Mkataba wa wakimbizi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969, uliosainiwa Addis Ababa, unamtambua kama mkimbizi mtu aliyekimbia uvamizi, kukaliwa na nguvu za nje, au matukio yaliyovuruga vibaya amani ya nchi yake. Afrika iliandika hivyo kwa kuwa ilijua watu wake wanakimbia nini. Marekani inafuata tafsiri ya Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa wa 1951, inayotaka uandamwe kwa sababu mojawapo kati ya zile tano. Vita peke yake si sababu. Basi mtu aliyeishi kambini miaka kumi akiitwa mkimbizi kila siku, aliyeshika kadi iliyoandikwa mkimbizi, anafika Texas na kutoa jibu lile lile lililompa kadi, na jibu hilo ndilo linalomwangusha. Ukweli kwamba hiyo vita ilikuwa ikichagua watu kwa kabila, nyumba kwa nyumba, anao. Hajaulizwa tu, na hajui kwamba ndicho kinachotafutwa.

Nimalizie na saa. Walikuja lini? "Saa nane usiku." Mkalimani aliyezoea anajua ni saa mbili baada ya usiku wa manane. Aliyechoka, au asiyetoka kwenye lugha hii, anasema nane. Usaili wa pili, mkalimani mwingine, saa inabadilika. Tangu sheria ya mwaka 2005, jaji wa uhamiaji Marekani anaruhusiwa kumwona mtu si mkweli kwa sababu ya mgongano wowote wa maelezo, hata kama haugusi kiini cha madai. Saa nane na saa mbili ni mgongano.

Makosa kama haya hugunduliwa na nani? Na wakili anayekaa na mteja wake mara tatu, mara nne, hadi hadithi inyooke. Kwenye njia ya mkato wakili ni bahati. Serikali haimlipi. Mtu hupewa orodha ya namba za simu na muda wa kujiandaa, ambao zamani ulikuwa saa 48 na ukapunguzwa hadi saa 24 mwaka 2023, chini ya Biden. Usaili mara nyingi hufanywa kwa simu: ofisa mji mmoja, mkalimani mji mwingine, mwenye roho yake chumba cha kizuizini cha tatu akijaribu kuwaeleza watu asiowaona kitu ambacho hata mkewe hajamweleza chote.

Kuna kesi inayoonyesha hili vizuri kuliko mfano wangu wa Kivu. Mwaka 2017 mtu mmoja wa Sri Lanka, wa kabila la wachache la Watamil, alikamatwa yadi 25, kama mita 23, ndani ya Marekani, karibu na San Ysidro. Alieleza kwamba watu walimteka kwa gari na kumpiga hadi akalazwa hospitali. Ofisa wa hifadhi alimwamini. Lakini mtu huyo hakujua waliomteka ni akina nani wala kwa nini, kwa hiyo alifelishwa: hakuna sababu inayotambulika. Mawakili wake walikuja kueleza baadaye kwamba Watamil kutekwa kwa magari ya aina hiyo ni jambo linalofahamika sana Sri Lanka. Wakati huo alikuwa ameshafeli. Alipotaka mahakama za kawaida zipitie uamuzi huo, kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2020 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema hapana: aliyekanyaga mpaka tu hana haki zaidi ya zile ambazo Bunge limempa, na Bunge lilishaufunga mlango huo mwaka 1996. Tafsiri ya mita 23 naielewa. Kinachonisumbua ni hiki: aliaminiwa, akakataliwa, na aliyejua maana ya maelezo yake hakuwemo kwenye simu.

Mtu anaweza kusema hizi ni simulizi za mmoja mmoja. Mwaka 2005 tume ya serikali ya Marekani inayohusika na uhuru wa dini duniani ilitoa utafiti wake kuhusu njia hii, baada ya watafiti kuruhusiwa kukaa ndani maofisa wakihoji. Kati ya watu ambao watafiti waliwasikia kwa masikio yao wakisema wanaogopa kurudi, takriban asilimia 15 hawakupelekwa kwa ofisa wa hifadhi kama sheria inavyotaka. Hapo ofisa anajua kabisa kuna mtu amekaa kwenye kiti cha pembeni anaandika.

Uingereza ilishapita njia hii ikajikwaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na mfumo wa kuwaweka waombaji kizuizini na kumaliza kesi zao kwa siku chache, rufaa ikiwa ndani ya wiki chache. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni za rufaa hizo si za haki katika muundo wenyewe, kwa sababu ratiba ilikuwa fupi mno kwa mwombaji kuandaa kesi. Serikali ilikuwa imeshalazimika kuusitisha mfumo huo wiki chache kabla, kesi ikiendelea.

Uswisi ilifanya mambo kwa namna nyingine, na ndiyo sababu sikubali kuambiwa kwamba uchaguzi ni kati ya haraka na haki. Tangu Machi 2019 kesi nyingi za hifadhi huko zinatakiwa ziishe ndani ya siku 140, rufaa ikiwemo. Ofisa, mkalimani na wakili wako chini ya paa moja, na wakili ni wa bure, analipwa na serikali, tangu siku za mwanzo. Wananchi waliupigia kura mpango huo Juni 2016, na karibu theluthi mbili wakaukubali. Chama cha mrengo wa kulia ndicho kilichoupinga, kikilalamika kwamba wageni wanapewa mawakili ambao mzawa hapewi. Mfumo huo una kasoro zake, na mawakili wa huko wanalalamika kwamba ratiba inawabana. Ila wazo lake la msingi ni sahihi: wakili hacheleweshi kesi, anaikunjua mapema. Mwenye kesi dhaifu anaambiwa ukweli na mtu aliye upande wake, na wapo wanaokubali. Mwenye kesi ya kweli haihitaji kuisimulia upya mara tano.

Marekani yenyewe iliwahi kufanya kitu kinachofanana. Mwanzoni mwa 1995 idara ya uhamiaji iliacha kutoa kibali cha kazi kirahisi kwa kila aliyewasilisha ombi la hifadhi. Ukaanza utaratibu wa kungoja kama miezi sita. Wakati huo huo maofisa wa hifadhi wakaongezwa, na maombi mapya yakawa yanashughulikiwa kwanza badala ya kutupwa nyuma ya yale ya zamani. Maombi mapya yalishuka sana, kwa sababu foleni iliacha kuwa bidhaa. Hakuna aliyenyimwa jaji. Mwaka uliofuata ndipo Bunge likapitisha njia ya mkato, kabla hata matunda ya mageuzi hayo hayajahesabiwa vizuri.

Ukitaka kujua serikali inataka kesi ziishe au inataka watu waondoke, soma bajeti yake. Sheria kubwa ya matumizi iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilitenga dola bilioni 45 kwa ajili ya vituo vya kizuizini, na karibu bilioni 30 nyingine kwa operesheni za ukamataji na uondoshaji. Katika sheria hiyo hiyo, yenye mlundikano wa kesi zaidi ya milioni 3 mbele yake, Bunge liliweka kikomo cha idadi ya majaji wa uhamiaji: kuanzia Novemba 2028 wasizidi 800. Mwaka huo wa 2025 zaidi ya majaji mia moja waliachishwa au waliondoka wenyewe, na faili walizoacha zilirudi kwenye foleni. Kwa vitanda vya kizuizini, sheria hiyo haikuweka kikomo.